Delmer Stroud, Adui wa Pili

Hebu mwone anavyoingia. Ni saa kumi na moja alfajiri, chumba cha kupambia cha Studio ya Sunfield. Taa zimezunguka kioo, kahawa inachemka kwenye jiko dogo pembeni. Mlango unafunguka, na mtu mrefu, mwembamba, mashavu yamebonyea ndani, anasimama kizingitini bila kusema neno. Kwanza anatazama: nani yupo, nani ameketi wapi, mdomo wa nani unatembea. Halafu anavua kofia, anapita nyuma ya watu wote na kwenda kwenye kiti cha mwisho, kile ambacho ukikikalia unaiona kwenye kioo sura ya kila aliyemo chumbani. Akishaketi ndipo anasema, "Habari za asubuhi, jamani," kwa sauti nzito iliyolala chini, isiyopanda wala kushuka.

Nilipoanza kazi pale, mwaka 1944, nilidhani ana maringo. Wenzangu waliniambia, "Mzoee tu, Stroud ndivyo alivyo, anajiona bwana mkubwa." Kazi yangu mimi, Opal Danner, ilikuwa nyuso za wanaume. Niliwapaka rangi ya jua wale wasioota jua, niliwatia vumbi waliotoka kuoga, na zaidi ya yote niliwabandika masharubu. Picha za kauboi zilikula masharubu mengi kuliko farasi walivyokula nyasi. Kila mwanaume alitaka yake, na kila mmoja alitaka yawe makubwa kuliko ya jirani.

Kama uliwahi kukaa mbele ya picha hizo, sura ya Delmer unaijua hata kama jina hukulipata. Stelingi tunamjua: kofia safi, meno meupe, hafi. Mkuu wa maadui naye tunamjua: ndiye mwenye baa, na ndiye anayetaka mashamba ya watu. Sasa pale kwenye bega la kulia la mkuu wa maadui, nusu hatua nyuma, husimama mtu mmoja asiyecheka. Akiambiwa "Mfuateni!" husema "Sawa, bosi," na kupanda farasi. Hufa dakika kumi kabla ya mkuu wake. Huyo ndiye Delmer. Alisimama kwenye bega lile picha sabini na kitu. Wakuu walibadilika, yeye akabaki palepale.

Na bega lile ndilo lililommaliza. Mkuu wa maadui akichomoa bastola kwa mkono wa kulia, huilipua kando kabisa ya sikio la kushoto la adui wa pili. Risasi zetu hazikuwa na chuma, zilikuwa baruti na karatasi tu, lakini mlio ni mlio. Zilikuwepo za baruti kidogo, za nusu, na zilizojaa. Madairekta walipenda zilizojaa kwa sababu ya moshi wake mzuri. Pamba ya masikioni Delmer hakuwahi kuomba. Pamba ingeonekana kwenye kamera, na mtu wa bega hatakiwi kuonekana ana shida zake binafsi. Sikio la kushoto likazima wakati wa vita. La kulia likalifuata polepole, likimwachia kwanza milio mizito, kisha mtetemo, kisha hakuna.

Mimi nililijua jambo hili mwaka 1947, kwa sababu ya masharubu ya Ambrose Fenn. Fenn ndiye aliyekuwa mkuu wa maadui wakati huo, mnene, mpenda chakula, mtu wa kelele. Asubuhi moja Delmer alibaki kitini wenzake walipotoka.

"Bi Opal, samahani. Yale masharubu ya Fenn, huwezi kuyapunguza kidogo? Hapa, juu ya mdomo."

"Masharubu ya Fenn yanakuhusu nini wewe? Humbusu."

Hakucheka. Alikuwa akinitazama kwenye kioo, na nikagundua kwamba hanitazami machoni.

"Yanamfunika," akasema.

"Yanamfunika nini?"

"Maneno."

Nilichukua taulo nikajifanya nafuta kioo, nikalitandaza mbele ya uso wake, na nikiwa nyuma yake nikasema kwa sauti ya kawaida, "Delmer, kiti chako kinaungua moto." Akaendelea kukaa, mikono juu ya magoti, akisubiri nimalize kufuta. Kisha nikazunguka mbele, nikachuchumaa ili anione vizuri.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu, Lorene. Na sasa wewe."

"Na Rufus, rafiki yako?"

"Rufus ana mdomo mpana," akasema. "Nausoma kama gazeti. Hajui kitu."

Sikumwuliza kwa nini anaficha. Pale studio kila mtu alijua kisa cha mzee Cass Tolliver, mpanda farasi wa miaka ishirini, aliyemwambia daktari wa kampuni kwamba jicho moja limeanza kuona ukungu. Alisema asubuhi; saa sita mchana alikuwa nje ya geti, tandiko lake begani. Watu wa bima hawakutaka kipofu wala kiziwi karibu na farasi, sembuse karibu na bunduki. Delmer alikuwa mtoto wa mkulima wa ngano kutoka Nebraska, na shamba la baba yake lilikuwa limepeperushwa lote na dhoruba za vumbi. Hakuwa na kwa kurudi. Zaidi ya hapo, aliipenda kazi ile. Aliipenda kuliko wengi waliokuwa na majina makubwa. Aliwahi kuniambia kwamba mtu wa bega ndiye anayemfanya mkuu atishe: "Fenn ni mpishi aliyevaa koti jeusi. Watu wanamwogopa kwa sababu wananiona mimi namwogopa."

Basi nikaanza kupunguza masharubu. Kila aliyepangiwa kusema na Delmer nilimkata mawili matatu juu ya mdomo. Fenn aliona.

"Opal, hii ni picha ya tatu na masharubu yanazidi kukonda. Mwakani nitaonekana kama mwalimu wa shule ya Jumapili!"

"Ndiyo mtindo, Mzee Fenn. Wabaya wa siku hizi ni nadhifu."

"Nani kasema?"

"Dairekta."

Dairekta hakusema chochote. Lakini hakuna mwanaume aliyewahi kwenda kumwuliza dairekta habari za masharubu.

Delmer mwenyewe alifanya kazi maradufu. Aliyakariri maneno ya kila mtu aliyekuwemo katika tukio, sio yake tu. Alijua Fenn hujaza kifua kabla ya kupiga kelele, na kwamba "Kata!" ikishasemwa wapanda farasi hulegeza mabega. Sauti yake, kwa kuwa hakuisikia tena, ililala ikawa kama inatoka chini ya sakafu; madairekta wakaisifu. "Sauti ya kaburini," walisema, na wakamwongezea maneno. Tena alikuwa na tabia moja iliyomwokoa mara elfu: mtu akimsemesha na asielewe, aliinua mkono kidogo, akatabasamu kama aliyesikia utani, akaitikia kwa kichwa. Ukiitikia, watu huridhika na kuondoka.

Sasa nikueleze habari za Rufus Kinnick. Rufus alikuwa mtu wa kuanguka. Stelingi akianguka kutoka kwenye farasi, aliyeanguka ni Rufus. Adui akitupwa kutoka juu ya paa, ni Rufus. Mfupi, mwenye miguu iliyopinda, mzaliwa wa Wyoming, anaongea toka macho yanapofunguka mpaka yanapofumba. Mwaka 1936, Delmer alipofika mjini na kusimama na wapanda farasi kwenye kona waliposubiri kuchukuliwa kazi, aliulizwa kama wote walivyoulizwa, "Unajua kupanda?" Naye akajibu kama wote walivyojibu: "Nimezaliwa juu ya tandiko." Rufus alimwona anavyoshika hatamu.

"Wewe ndugu, unamwongoza farasi au unalima naye?"

"Nyumbani tulikuwa nao wanne," Delmer akasema.

"Wa jembe?"

"Wa jembe."

Rufus alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akamchukua siku nzima ya Jumapili kwenye uwanja wa nyuma wa zizi moja, akamfundisha kupanda, kushuka na kuanguka bila kuvunjika. Tangu siku ile alimwita Mkulima. "Mkulima, shikilia!" "Mkulima, farasi huyo sio trekta!" Miaka kumi na mitano walikula chakula cha mchana pamoja, mkate na maharage, wamekaa juu ya jiwe au juu ya gurudumu. Rufus aliongea, Delmer alimtazama mdomo. Rufus alidhani amepata msikilizaji bora kuliko wote duniani.

Walikuwa na sheria zao wale wapanda farasi, hazikuandikwa popote. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: kama jambo limebadilika kabla ya kamera kuanza, mwenye kuanguka humwendea mwenye bunduki mwenyewe, ana kwa ana, na kumwambia. Mwenye bunduki huitikia kwa kichwa. Basi, imekwisha. Harudii, haulizwi mara ya pili, hakuna anayepeleka habari ofisini. Kichwa kikishatikiswa, mtu huenda kuweka mifupa yake mbele ya farasi akiwa na amani.

Septemba 1951 tulikuwa kwenye ranchi ya kukodi, ng'ambo ya vilima vya Chatsworth, tunapiga tukio la kuliteka gari la abiria linalovutwa na farasi sita. Wanyang'anyi wanne, Delmer mmoja wao. Rufus, amevaa kama mnyang'anyi, alitakiwa kuruka kutoka kwa farasi wake hadi kwenye farasi wa mbele, ateleze katikati yao, alale chali, gari lipite juu yake bila kumgusa. Alikwisha kulifanya jambo hilo mara kumi na moja. Delmer alitakiwa kupiga bastola mara mbili kutoka kwenye mwamba, wakati Rufus bado yuko juu ya farasi wa mbele.

Wanyang'anyi, unajua, hufunga leso usoni. Leso nyekundu, kuanzia juu ya pua mpaka kidevuni. Masharubu ningeweza kuyapunguza. Leso ilikuwa ndiyo tukio lenyewe. Nilimwuliza Delmer asubuhi, "Leo utafanyaje?" Akasema, "Leo sina maneno. Napiga mara mbili tu. Tutalifanyia mazoezi mara nne."

Baada ya mazoezi ya nne, farasi wa mbele kushoto akaanza kuchechemea. Wakamtoa, wakamleta mwingine, jike la kahawia lililotoka kununuliwa. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya miamba na dairekta alikuwa mbali, juu ya kilima, kwenye kamera, anapunga kofia watu waharakishe. Nilikuwa pale kwenye mwamba, namtia Delmer vumbi mabegani. Rufus akaja na farasi wake, leso usoni, akasimama hatua mbili kutoka kwetu.

"Mkulima, sikiliza," akasema. "Huyu jike mpya hajazoea bunduki. Usipige nikiwa juu. Subiri nishuke, gari lipite, nitoke nyuma. Ukiniona nimesimama ndipo upige. Sawa?"

Nilimsikia neno kwa neno. Delmer aliona macho tu, na macho ya Rufus yalikuwa na makunyanzi ya kucheka siku zote, hata kwenye mazishi. Akainua mkono kidogo, akacheka, akaitikia kwa kichwa.

Rufus akageuza farasi, akaondoka.

Hapa ndipo siku zote nasimama ninapolisimulia jambo hili. Nilijua hakusikia. Sikuwa na hakika kama mtu anayeapa, ila nilijua, kwa sababu nilikuwa nimezishika zile leso nne mwenyewe asubuhi. Ningeweza kumshika bega, nikageuza uso wake, nikamwambia. Lakini msaidizi wa dairekta alikuwa ameshapiga kelele, "Wapambaji ondokeni! Ondokeni kwenye picha!" na wale wanyang'anyi wengine wawili walikuwa palepale juu ya farasi wao, wanatutazama. Ningesema nini mbele yao? Ningesema, Delmer, umeelewa? Wangeuliza kwa nini nauliza, wakati wamemwona ameitikia. Nikajisemea, labda ameelewa. Nikaokota mkoba wangu, nikashuka mbio nyuma ya mwamba.

Delmer alipiga mara mbili, kama alivyofanya mazoezi.

Jike lile lilisimama kwa miguu ya nyuma, likajitupa upande, wenzake watano wakavutwa nalo. Rufus alikuwa ameshaanza kuteleza. Gari halikupita juu yake sawasawa. Gurudumu la mbele lilimpita kiunoni, na la nyuma likafuata njia ileile.

Hakufa. Waliosema afadhali hakufa hawakumsikia akipakiwa kwenye gari la wagonjwa. Delmer alikuwa mtu wa kwanza kumfikia. Rufus alikuwa amevutwa leso shingoni, mdomo uko wazi sasa, na Delmer alimsoma. Aliniambia baadaye alichosoma: "Umeitikia, Mkulima. Umeitikia."

Kesho yake asubuhi Delmer aliingia chumbani kwangu mapema kuliko kawaida. Hakukaa.

"Aliniambia nini?"

Ningeweza kugeuka nikampa mgongo. Kwa mtu kama yule, kugeuza mgongo ni sawa na kufunga mlango. Sikugeuka. Nikamwambia yote, polepole, neno kwa neno, na yeye akinitazama mdomo mpaka nikamaliza. Ndipo akakaa.

"Nilidhani ananitania," akasema. "Siku zote ananitania."

"Waambie, Delmer. Waambie hukusikia. Ni kweli hukusikia."

"Na kesho?"

"Kesho nini?"

"Kesho niamkie wapi, Opal? Kiziwi wa miaka arobaini na moja. Nilime nini, na wapi?"

Nikampa kahawa.

Saa nne tukaitwa ofisini. Alikuwepo meneja wa uzalishaji, Bwana Garrity, na mtu wa bima mwenye miwani. Walishatoka hospitali kumhoji Rufus. Garrity akauliza, "Kinnick anasema alikuja akakwambia usipige mpaka atoke nyuma, na wewe ukaitikia. Alikwambia?"

Delmer alimtazama Garrity mdomoni. Garrity hakuwa na masharubu.

"Hakuniambia neno," akasema, kwa ile sauti ya kaburini.

"Hukuitikia?"

"Alikuja akanitania. Nikacheka. Ni hilo tu."

Wale wanyang'anyi wawili walikuwa wameshahojiwa: waliona kichwa kikitikiswa, lakini maneno hayakuwafikia, upepo ulikuwa upande mbaya. Basi mtu wa bima akanigeukia mimi.

"Dada, wewe ulikuwa karibu kuliko wote. Ulisikia Kinnick akisema nini?"

Nikasema nilikuwa nafunga mkoba wangu. Nikasema sikusikia.

Wakaandika kwamba Rufus Kinnick alibadilisha mpango kwa akili yake mwenyewe bila kumjulisha yeyote, na kwamba aliyejiumiza ni yeye. Studio ikanawa mikono. Alitoka hospitali baada ya miezi saba, kiuno kimeunganishwa kwa vyuma, akahamia Newhall akawa anashona matandiko.

Delmer alibaki na kazi. Lakini wapanda farasi hawakuhitaji karatasi ya ofisi. Walikuwa na mashahidi wawili walioona kichwa kikitikiswa. Walikuwa na neno lao kwa mtu wa namna hiyo: amekana kichwa. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Waliacha tu kumsemesha. Alipokaa kula, jiwe alilokalia lilikuwa lake peke yake. Alipopita zizini, midomo ilifungwa. Na jambo hili ndilo linalonisumbua kuliko mengine: lilimsaidia. Kwa kuwa hakuna aliyezungumza naye, hakuna aliyegundua. Kwa miaka kumi na moja chuki yao ilimlinda kuliko mkasi wangu. Aliendelea kukariri maneno ya watu wote, kusimama begani, kufa kabla ya mkuu wake. Picha za kauboi zilipohamia kwenye televisheni naye akahama, akapata sehemu ya kudumu: mwenye baa, anafuta glasi, anasikiliza shida za stelingi. Watazamaji waliandika barua kwamba hawajaona mtu anayesikiliza vizuri kama yule.

Mimi na yeye hatukulizungumzia tena. Aliingia, akaketi kwenye kiti chake, nikampaka rangi. Siku moja tu, bila kuulizwa, alisema kwenye kioo, "Mdomo wake nauona bado." Nikaendelea na brashi.

Mwaka 1962, mwezi wa tatu, tulimzika Ambrose Fenn. Watu wa zamani walikuja wengi, kofia mikononi. Baada ya maombi nilikuwa nimesimama kwenye njia ya changarawe nilipomwona mtu mfupi anakuja kwa magongo mawili, akivuta miguu pamoja kama mzigo.

"Bi Opal! Bado unawabandika wanaume ndevu, au siku hizi wanaota zao?"

"Rufus," nikasema.

"Usinitazame hivyo, dada yangu. Bado mzuri, ila kuanzia hapa kwenda juu." Akaegemea magongo, akatafuta pumzi. "Yupo?"

Nilijua anamwuliza nani. Delmer alikuwa mbele yetu, hatua thelathini, ametupa mgongo, anakwenda kwenye gari lao. Lorene alikuwa amebaki nyuma kidogo, anaagana na mjane.

"Nimechoka kumchukia yule bwana," Rufus akasema. "Ni kazi ngumu, na haina likizo. Sitaki ugomvi. Nataka nimwulize jambo moja tu. Nilimwambia jambo la uhai wangu, akacheka, akaitikia, akapiga. Nataka aniambie alicheka nini."

Akavuta pumzi, akaita, sauti ikiwa ileile ya zamani, ya kumwita mtu ng'ambo ya uwanja: "Mkulima!"

Vichwa vyote vikageuka makaburini. Cha Delmer hakikugeuka.

"Mkulima! Ni mimi!"

Akaendelea kutembea, bila kuharakisha wala kupunguza mwendo. Nikaona shingo ya Rufus inaanza kuwa nyekundu, na watu wanatazama chini kwa aibu, kwa kuwa mbele ya watu wote kilema amemwita rafiki yake naye hakugeuka.

Ndipo gari jeusi lililoleta maiti lilipoanza kurudi nyuma kutoka kwenye kivuli cha miti. Dereva akamwona mtu njiani, akapiga honi. Akaipiga tena, ndefu, mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye majani. Delmer alikuwa katikati ya njia na hakuna msuli wake hata mmoja ulioshtuka. Lorene alipiga mbio akamvuta mkono wa koti, na gari likapita.

Rufus alikuwa ameishi maisha yake yote akitazama farasi, sikio lipi limesimama, lipi limelala, mnyama anasikia nini. Alimtazama Delmer kwa muda mrefu, akamwona Lorene anamgeuza uso kwa mikono miwili ndipo anamwambia jambo. Kisha akanigeukia. Wekundu ulikuwa umemtoka shingoni, na midomo imekuwa myeupe.

"Hasikii," akasema.

Sikukataa.

"Tangu lini, Bi Opal?"

Kule mbele Lorene alikuwa ametuona. Alisimama na mkono begani kwa mumewe, ananitazama mimi, si Rufus. Jumatatu Delmer alitakiwa kuwa nyuma ya baa yake saa moja asubuhi, na simu moja tu kutoka Newhall ingetosha kumwondoa.

Nikimtajia mwaka wa kweli, Rufus atajua kwamba rafiki yake hakumdharau siku ile juu ya mwamba. Papo hapo atajua kwamba kesho yake watu wawili waliojua walisimama mbele ya meza, wakamwachia yeye kosa, na kwamba mmoja wao ni mimi, aliyeniita dada yake sasa hivi. Nikimtajia mwaka mwingine, wowote wa baadaye, mimi nitabaki safi na uongo wetu wa ofisini utabaki umefichwa. Lakini Delmer atakuwa ndiye mtu aliyesikia kila neno, akacheka, akapiga.

Rufus alisubiri. Magongo yalikuwa yanazama taratibu kwenye changarawe.

Ungekuwa umesimama pale nilipokuwa mimi, wewe ungemtajia mwaka gani?